MAJANI YA KUFUKUZA MBU: YAPI YANAFAA JUBA?



Mvua zikishika Juba, kuanzia Aprili hadi kwenye Oktoba, kila mmoja wetu anajua kinachofuata. Njia za Gudele na Munuki hujaa madimbwi. Mashimo ya wafyatua matofali kando ya Mto Nile hushika maji, na alama za magurudumu ya malori hukaa na maji wiki nzima. Humo ndimo mbu wa malaria anamotaga. Malaria ni miongoni mwa magonjwa yanayowapeleka watu wengi zaidi hospitalini katika Sudan Kusini, na mfanyakazi akilazwa siku tatu nne, kwa kibarua wa kutwa hizo ni siku tatu nne bila mshahara. Ikimshika mtoto mdogo, hasara haina kipimo.

Chandarua tunakijua, na watu wa Juba wanakiita namusia. Chandarua chenye dawa kimeokoa watu wengi kuliko jani lolote tutakalolitaja hapa. Lakini kinamlinda aliyelala. Je, ni nani Juba anayelala saa kumi na mbili jioni? Chumba cha mabati kimechomwa na jua kutwa nzima, ndani hakukaliki. Mtu akitoka kazini huketi uani na jamaa zake, mama anapika, watoto wanacheza, na hata saa nne usiku watu bado wako nje. Tena kuna wenzetu ambao hawalali kabisa: mlinzi wa lango la kiwanda, mpakiaji wa chupa za maji zamu ya usiku, dereva anayesubiri zamu yake ya kujaza lori la maji mtoni. Hao wote chandarua hakiwafuati. Ndiyo maana habari ya majani ya kufukuza mbu si mchezo wa bustani. Inahusu saa ambazo hatuna kinga nyingine.

WAZEE WALIANZA ZAMANI

Mtu asidhani kwamba jambo hili limeletwa na wataalamu. Kaskazini ya Juba, upande wa Terekeka, Wamundari wanaochunga ng'ombe kando ya Nile huwasha samadi kavu jioni ikawa inafuka moshi usiku kucha, na majivu yake hujipaka mwilini, kisha huwapaka na ng'ombe. Picha zao zimeenea dunia nzima kama urembo wa kutazamwa na watalii. Kumbe ni kazi: moshi na majivu vinamzuia mbu na nzi asimguse mtu wala mnyama.

Mjini nako, mwarobaini umejaa kila mtaa, na kivuli chake ndicho baraza la nusu ya watu wa Juba. Wengi huchoma majani yake makavu jioni. Mwarobaini una sifa kubwa, ila majaribio yake hayasemi kauli moja: mengine yameyasifu sana mafuta ya mbegu zake, mengine yameyaona dhaifu. Kwa moshi unasaidia kiasi. Mafuta yake ni ya kupaka tu, tena kwa uangalifu, na yasinywewe hata kidogo. Watoto wachanga katika nchi za Asia wamedhurika vibaya kwa kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani.

Ndugu zetu wa mashamba ya pareto katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania hawahitaji kuhubiriwa. Ua wanalochuma ndilo lililokuwa roho ya ile dawa ya mbu ya kuzungusha kama konokono, iliyobuniwa Japani mwishoni mwa karne ya 19. Kenya kwa miaka mingi iliongoza dunia kwa pareto. Siku hizi nyingi za dawa hizo zinatiwa kemikali za viwandani zilizoigwa kutokana na ua hilo. Wazo, hata hivyo, lilitoka shambani, kwa mkono wa mchumaji.

MNANAA WA PAKA NI NINI?

Sasa kuna mmea unaozungumzwa sana, nao kwa jina la kitaalamu ni Nepeta cataria. Sisi tuuite mnanaa wa paka, kwa kuwa ni wa ukoo wa mnanaa, na paka akiukuta hujigaragaza juu yake kama mlevi. Asili yake ni Ulaya na Asia. Shina lake lina pembe nne, majani ni ya kijivu kidogo yenye meno pembeni, na hufika urefu wa nusu mita hadi mita moja. Ndani ya majani mna mafuta yenye kitu kiitwacho nepetalaktoni. Hicho ndicho kinachomlevya paka, na hichohicho ndicho mbu asichokipenda.

Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walitoa taarifa iliyozagaa magazetini. Walichukua bomba la kioo, wakapaka nusu yake mafuta haya, wakaingiza mbu. Mbu wengi wakakimbilia upande usiopakwa. Walisema kwamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mafuta hayo kilifanya kazi sawa na diti, ile dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946. Basi habari ikageuka kuwa "jani lenye nguvu mara kumi kuliko dawa". Tuwe waangalifu hapo. Mbu ndani ya bomba la kioo si mbu wa Gumbo anayekutafuta mguuni, na majaribio ya baadaye ya kulinganisha nguvu ya kumzuia mbu asiume yalionyesha kwamba mafuta haya hayaifikii diti. Yanafukuza, lakini ni mepesi, huruka hewani upesi.

Upande wetu wa Afrika jambo hili limepimwa pia. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Safari hii mbu waliojaribiwa walikuwa wa kwetu: yule Anofelesi anayeeneza malaria, na Kuleksi, yule wa vyooni na maji machafu. Wote wawili mafuta ya mnanaa wa paka yaliwafukuza. Hata kupe wa mifugo hakuyapenda.

Kwa nini mbu akimbie na sisi tusidhurike? Jibu lilipatikana mwaka 2021 kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden. Mdudu ana kipokezi cha kuhisi maumivu na muwasho. Binadamu tunacho kinachofanana nacho, ndicho kinachotutoa machozi tunapokula haradali kali. Mnanaa wa paka unakiamsha cha mdudu, wala haukiamshi cha binadamu. Kwa mbu, kulisogelea jani hilo ni kama wewe kuingia jikoni mtu anapokaanga pilipili. Na mwaka huohuo Wajapani wakaonyesha kwamba paka anayejisugua kwenye mmea mwingine wa namna hii, unaopatikana nchini kwao, huumwa na mbu wachache kuliko asiyejisugua. Kumbe tulikuwa tunamcheka paka bure.

UNAOTA JUBA?

Huu si mmea wa joto. Kwao ni nchi za baridi, nao hustawi zaidi mahali kama Limuru au Lushoto kuliko Juba, ambako mwezi wa Februari na Machi joto hufika nyuzi 38 na zaidi. Anayetaka kuujaribu aupande mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Chini ya ukingo wa mwarobaini panafaa. Mbegu ni ndogo sana, zinyunyizwe juu ya udongo laini na kufunikwa kidogo tu. Huchipua katika wiki moja au mbili. Chupa za maji za plastiki, ambazo Juba hazihesabiki, zikikatwa katikati na kutobolewa chini ni vitalu vizuri visivyogharimu hata senti moja. Miche ikiwa na urefu wa kiganja ihamishiwe kwenye tuta lililoinuliwa, kwa sababu udongo unaotuama maji wakati wa mvua huozesha mizizi. Na usiweke sahani ya maji chini ya chungu cha maua: utakuwa unafuga mbu kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine.

Paka wa jirani watakuja, hilo ni hakika. Zungushia miiba au vijiti mpaka mmea ushike. Vuna unapoanza kutoa maua, ndipo mafuta yanapokuwa mengi, na ukaushe kivulini, si juani.

Lakini tuseme ukweli. Kwa mfanyakazi wa Juba mwenye uwanja wa hatua kumi, hatuoni sababu ya kuhangaika na mbegu za mbali wakati binamu ya mmea huu yuko sokoni. Mrihani, ambao Juba wanauita rihan, na kivumbasi cha porini, ni ukoo uleule wa mnanaa, vinavumilia joto, na vinaota hata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Na kwa hivi ushahidi wake umetoka hapahapa Afrika Mashariki.

Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti walijenga vibanda vya majaribio, wakaweka mimea hai ndani ya vyungu karibu na mtu aliyelala, wakahesabu mbu. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Kivumbasi kilipunguza mbu kwa kama 40 katika kila 100. Lantana ilipunguza kama 32. Tafsiri yake ni rahisi: palipokuwa na mbu 100, bado 60 waliingia. Mbu mmoja mwenye vimelea anatosha kukulaza kitandani. Kwa hiyo chungu cha kivumbasi dirishani ni msaada wa kweli, lakini mtu akikiweka na kukunja chandarua amefanya biashara ya hasara.

Katika kazi hiyohiyo ya Mbita kulikuwa na jambo la maana zaidi, nalo wengi hawalijui. Kuyaweka majani juu ya bati lililopashwa moto kulishinda kuyachoma mpaka yakawa majivu. Majani ya mkaratusi wa harufu ya limau yaliongoza kwa namna hiyo, yakazuia karibu robo tatu ya mbu. Kivumbasi kilizuia kama nusu. Sababu yake inaeleweka. Kinachomfukuza mbu ni mafuta ya jani, na moto mkali huyaunguza kabla hayajasambaa. Joto la wastani huyatoa polepole kama mvuke.

Basi fanya hivi. Mama akimaliza kupika, makaa yakiwa yamepungua, weka kipande cha bati au sufuria kuukuu juu ya jiko, na juu yake konzi mbili za majani mabichi yaliyopondwa kidogo. Jiko likae upande upepo unakotokea, ili harufu ipite mlipoketi. Yakikauka ongeza mengine. Liwe nje, uani. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani na mlango ukafungwa: hewa ya makaa huua mtu usingizini bila kelele, na moshi wa kila siku huharibu mapafu ya watoto na ya akina mama.

Kwa mlinzi wa usiku, ambaye jiko halimfai, kuna kujisugua majani mabichi ya mrihani au mnanaa wa paka miguuni, vifundoni na mikononi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na ungoje mpaka kesho yake, kwani ngozi nyingine huwashwa. Usiguse macho, wala usimpake mtoto mchanga. Na usitegemee kwamba kupaka mara moja kutakufikisha alfajiri; mafuta ya majani huruka, mara nyingi katika muda wa saa moja hivi, tena kwa mtu anayetoka jasho ni upesi zaidi. Inabidi kurudia. Anayeweza kununua dawa ya dukani yenye diti, au ile iliyotengenezwa kutokana na mkaratusi wa limau, ambayo wakuu wa afya wa Marekani waliikubali mwaka 2005, atakuwa na kinga ya muda mrefu zaidi. Hiyo ya mkaratusi wasipakwe watoto wa chini ya miaka mitatu.

Neno juu ya lantana. Tanzania walijaribu kuipanda kuzunguka nyumba, na taarifa ya mwaka 2011 ilisema kwamba nyumba zilizozungukwa zilikuwa na mbu pungufu kwa kama nusu. Habari njema, lakini kwa Juba tunasita. Lantana ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, na ikishika pori haing'oki kwa urahisi. Katika mji ambao ng'ombe hupita barabarani kila siku, mtu aliyepanda ua wa lantana nje ya uzio wake anaweza kujikuta mbele ya wazee, akidaiwa fahali wa mtu.

YALE AMBAYO JANI HALIFANYI

Wasomaji wetu wa umri mkubwa waliokuwa Tanzania mwaka 1973 wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, wakati watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka na majembe kufukia madimbwi na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Kazi ile haikupitwa na wakati. Dimbwi lililofukiwa nyuma ya bweni la wafanyakazi lina faida kuliko vyungu ishirini vya mrihani, kwa kuwa mbu ambaye hakuzaliwa hana haja ya kufukuzwa.

Hapo ndipo tunapokuja kwa mwajiri. Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inamdai mwajiri alinde usalama na afya ya mfanyakazi kazini. Mtu anayewekwa langoni usiku kucha kwa faida ya kampuni hastahili kuambiwa ajitafutie majani. Katika mikutano ya kamati za wafanyakazi madai yawe ya vitu vinavyoonekana: sare ya usiku yenye mikono mirefu, kibanda cha mlinzi chenye wavu wa waya madirishani, chandarua kwa kila anayelala ndani ya uzio wa kampuni, dawa ya kupaka kwa watu wa zamu, na mifereji kuzibuliwa kabla ya Aprili. Gharama yake si kubwa. Vijiko vya kuchimbia na vibarua vipo tayari katika viwanja vingi vya kazi. Kinachokosekana ni amri. Bustani ya kivumbasi kando ya geti iwe nyongeza juu ya hayo.

Kadhalika homa ikimpata mtu, majani hayana kazi tena. Apimwe ndani ya siku moja na anywe dawa aliyoandikiwa mpaka iishe, hata akijisikia nafuu siku ya pili. Mke mwenye mimba na mtoto wa chini ya miaka mitano ndio wa kuwahishwa kuliko wote. Tangu Julai 2024 Sudan Kusini imeanza kutoa chanjo ya malaria ya R21 kwa watoto wadogo, kuanzia umri wa miezi mitano, na ni lazima mtoto amalize dozi zote nne. Mzazi wa zamu ya usiku anao mchana wa kumpeleka kliniki; aulize siku za chanjo katika kituo kilicho karibu naye.

Wanaotaka kuanza bustani wasingoje mvua kubwa. Mbegu za mrihani na kivumbasi zioteshwe vitaluni mwezi wa Machi, zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa maji yaliyooshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, na miche ihamishwe mvua za kwanza zinaponyesha. Ndani ya miezi miwili utakuwa na majani ya kukata. Kata ncha mara kwa mara, mmea utatanuka badala ya kurefuka. Uache mashina mawili matatu yatoe maua na kukauka. Pukutisha mbegu kwenye karatasi, zihifadhi ndani ya chupa kavu iliyofungwa, na umpe jirani sehemu yake.